Jinsi ya Kupandisha Shilingi Bila Kupandisha Bei

Mwongozo kwa mafundi wa kanzidata, wahasibu wenye haraka na wakurugenzi wasiopenda chenji

Kupandisha bei ni kazi ya kizamani. Inataka kikao, tangazo la kubandika ukutani, na muuzaji mwenye moyo wa kuwatazama wateja usoni asubuhi inayofuata. Kupandisha shilingi ni kazi ya kistaarabu. Inataka mstari mmoja tu wa msimbo, saa ya chakula cha mchana wenzako wakiwa wametoka, na imani thabiti kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepanda daladala mbili kwenda kudai senti 75.

Kinachofanyika ni hiki. Hesabu inatoa shilingi 1,250.25. Sarafu ya robo shilingi haimo mfukoni mwa mtu yeyote, kwa hiyo mfumo unaandika 1,251. Hapo senti 75 zimezaliwa. Hazina mkataba, hazina risiti, na kwenye ripoti ya mwezi hazionekani. Mwongozo huu unakufundisha kuzilea hadi ziwe watu wazima.

Mahitaji

Kanzidata moja, ya aina yoyote. PostgreSQL, MySQL, Oracle na SQL Server zote zina amri ya kupandisha namba yenye kipande hadi namba nzima inayofuata. Kwingine inaitwa CEIL, kwingine CEILING, na tabia yake ni moja.

Kolamu ya fedha iliyoundwa na kijana aliyekwisha kuhamia kampuni nyingine.

Kanuni ya kukadiria ambayo haijaandikwa popote. Ikiwa imeandikwa, ipoteze.

Mhasibu mmoja anayeamini Excel kuliko anavyomwamini mkwe wake.

Hatua ya 1: Chagua aina ya data isiyojua fedha

Utaombwa kuamua kolamu ya kiasi iwe ya aina gani. Wazee watakushauri DECIMAL au NUMERIC, ambazo hutunza tarakimu kama zilivyoandikwa. Waamkie, kisha chagua FLOAT.

Namba za aina hii huhifadhiwa kwa mfumo wa jozi, wa sifuri na moja tu, kwa utaratibu wa IEEE 754 uliopitishwa mwaka 1985, na ni hodari sana kwa kupima mwendo wa sayari. Ila moja ya kumi haina mwisho ikiandikwa kwa jozi, kama vile theluthi isivyo na mwisho ikiandikwa kwa desimali. Ndiyo maana kompyuta ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2, inakujibu kwa uso mkavu 0.30000000000000004.

Hilo 4 la mwisho wengine wanaliita kosa. Kwako ni mtaji. Chukua bidhaa ya dola 1.10 iliyo kwenye kolamu ya double, yaani FLOAT ya biti 64. Unataka kuipandisha hadi senti nzima, nawe ni mtu mwaminifu, kwa hiyo unazidisha kwa 100, unapandisha, kisha unagawa kwa 100. Bei ilikuwa nzima tayari. Haikuwa na kipande cha kupandisha. Lakini 1.1 mara 100 ndani ya mashine ni 110.00000000000001. CEIL inakiona hicho kichembe, inaruka hadi 111, na mteja analipa dola 1.11. Umepandisha kitu ambacho hakikuwepo. Hata wachawi hutumia angalau kuku.

Kwa nchi zinazohesabu kwa mamilioni kuna zawadi ya nyongeza. Kolamu ya biti 32, ile inayoitwa real katika PostgreSQL, huanza kuruka namba nzima baada ya 16,777,216. Mtu akilipa shilingi 16,777,217, ile moja haina pa kukaa. Nauli ya basi itakuwa salama. Kiwanja hakitakuwa.

Hatua ya 2: Pandisha mapema, pandisha kila mahali

Wanagenzi hupandisha mara moja, mwishoni, pesa inapobadilisha mikono. Hiyo ni kuchezea fursa. Mfumo wa kawaida una fomu, seva, kanzidata na ripoti, na kila kimoja kina haki ya kupata zamu yake.

Tufanye mfano wa dukani. Mwenye duka anataka bidhaa iuzwe shilingi 1,000 pamoja na VAT ya asilimia 18. Bei bila kodi ni 1,000 gawanya kwa 1.18, yaani 847.4576 na kuendelea. Kolamu ina desimali mbili, kwa hiyo fomu inahifadhi 847.46. Wakati wa kuuza, seva inarudisha kodi: 847.46 mara 1.18 ni 1,000.0028. Kanzidata inaona kipande, inapandisha hadi shilingi nzima: 1,001. Ripoti ya keshia nayo inajua kwamba sarafu ndogo ya kutegemea sokoni Tanzania ni ya shilingi 50, kwa hiyo inapandisha hadi hapo: 1,050.

Bidhaa ya elfu moja imekuwa ya elfu moja na hamsini, na ukiwaita waliokadiria, wote watatu, ofisini, kila mmoja ataapa kwamba alikadiria tu kidogo. Na kweli, kila mmoja alikadiria tu kidogo. Zamani muuzaji akikosa chenji alikupa pipi au kiberiti. Angalau ulitoka na kitu mkononi.

Hatua ya 3: Wakumbuke wanaonunua kidogo kidogo

Hapa ndipo penye siri ya fani nzima, kwa hiyo soma taratibu.

Kupandisha hakutazami kiasi. Kunatazama idadi ya miamala. Anayenunua gunia la mchele anapandishiwa mara moja. Anayenunua robo kilo kila jioni anapandishiwa kila jioni. Na katika nchi ambazo watu hununua mafuta ya kula ya kupima, bando la siku moja na umeme wa elfu moja moja, fundi wa kanzidata anakaa juu ya kisima.

Chukua mkopo wa simu wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayokokotolewa kila siku na kupandishwa kila siku hadi shilingi nzima. Aliyekopa 50,000 anadaiwa riba ya shilingi 24.66 kwa siku, unamwandikia 25. Kwa mwaka riba yake halisi inakuwa asilimia 18.25. Hatalalamika, na hana sababu kubwa ya kulalamika. Aliyekopa 5,000 anadaiwa shilingi 2.47, unamwandikia 3. Riba yake imefika asilimia 21.9. Aliyekopa 1,000 ya dawa ya mtoto anadaiwa senti 49 kwa siku. Unamwandikia shilingi 1. Riba yake ni asilimia 36.5.

Mkataba ni uleule, msimbo ni uleule, na tangazo la redioni bado linasema 18. Mwenye kidogo amelipa maradufu kwa sababu kidogo chake kilikuwa na kipande kikubwa. Hakuna bunge lingepitisha kodi ya namna hiyo mchana kweupe. Wewe umeipitisha kwa herufi nne na mabano mawili.

Ukitaka kumshawishi mkurugenzi, mpe hesabu ya darasani. Vipande vikiwa vimetawanyika sawasawa, kupandisha hadi shilingi nzima huleta wastani wa nusu shilingi kwa muamala. Miamala milioni moja ni shilingi 500,000, atapiga miayo. Sasa mwambie kuhusu kupandisha kutoka shilingi nzima hadi hamsini nzima, ambako wastani ni shilingi 24.50. Miamala ileile inaleta milioni 24 na nusu. Ataagiza chai. Haba na haba hujaza kibaba, na methali haikujishughulisha kutaja kibaba cha nani.

Hatua ya 4: Waache mhasibu na kanzidata wasielewane

Mteja amerudisha bidhaa. Uliandika mauzo ya 1,250.25 kama 1,251. Sasa marejesho yanaingia kama hasi 1,250.25, na amri yako inafanya kazi yake bila upendeleo: inapandisha. Kupandisha namba hasi ni kusogea kuelekea sifuri, kwa hiyo CEIL inatoa hasi 1,250. Mteja alinunua, akarudisha dakika hiyohiyo, na akaacha shilingi moja kama ada ya kukutembelea.

Mhasibu akihakiki kwa ROUNDUP ya Excel atapata hasi 1,251, maana ROUNDUP huikimbia sifuri pande zote mbili. Atakuja mezani kwako na karatasi. Mwonyeshe skrini. Nyote wawili mko sahihi. Mtaandikiana barua pepe hadi Idd.

Ukitaka mvutano udumu hadi Krismasi, ongeza suala la nusu. Excel hukadiria 2.5 kuwa 3. Python ya kisasa huikadiria kuwa 2, kwa sababu hupeleka nusu kwenye shufwa iliyo karibu ili za kupanda na za kushuka zifutane. PostgreSQL ina adabu ya kuwaridhisha wote: kolamu ikiwa numeric itakupa 3, ikiwa double precision kwa kawaida itakupa 2. Katika idara yenye watu watatu na programu tatu, ukweli utapigiwa kura.

Hatua ya 5: Juu wakati wa kupokea, chini wakati wa kulipa

Hadi sasa umejifunza CEIL. Ina pacha wake, FLOOR, ambaye hushusha. Fundi aliyekomaa huwatumia wote wawili, na siri ni kujua nani aamke lini.

Chama cha akiba kina faida ya shilingi 10,000 ya kugawa kwa wanachama watatu. Ukipandisha, kila mmoja anapata 3,334, jumla 10,002, na shilingi mbili itabidi zitoke mfukoni mwa mtu. Hilo halikubaliki. Ukishusha, kila mmoja anapata 3,333, jumla 9,999, na shilingi moja inabaki mezani. Wakati wa michango ya mazishi, geuza: gharama ya 10,000 kwa watu watatu ni 3,334 kila mmoja.

Kwa hiyo furaha inashushwa na msiba unapandishwa. Mwanachama akiuliza kwa nini kanuni mbili, mwambie mambo ya kompyuta ni marefu.

Hatua ya 6: Desimali mbili kwa dunia nzima

Andika 100 ndani ya msimbo kama kizidishi cha kudumu, kisha peleka mfumo nje ya nchi bila kubadili kitu. Orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, inazipa shilingi ya Kenya, shilingi ya Tanzania na faranga ya Kongo desimali mbili. Shilingi ya Uganda na faranga za Rwanda na Burundi haina haja ya kuzipa hata moja. Riyali ya Oman ina tatu, kwa sababu riyali moja ni baisa 1,000.

Mfumo wako hautaki kujua. Mjini Muscat, bidhaa ya riyali 0.125 itapandishwa kuwa 0.130, na baisa tano zitahamia kwako. Mjini Kampala utatoa ankara zenye senti ambazo hakuna benki itakayokulipa. Mteja wa Bujumbura atapiga simu kuuliza senti za faranga zinapatikana duka gani. Waambie wote kwamba mfumo umejengwa kwa viwango vya kimataifa.

Hatua ya 7: Zika thamani ya awali

Kazi yote hiyo itaharibika mtu akiweza kuona kwamba 1,251 ilikuwa 1,250.25. Kwa hiyo usihifadhi zote mbili. Andika juu ya ile ya zamani kwa UPDATE moja ya jedwali zima, usiku, bila WHERE.

Kwa rekodi mpya, tumia triga, ile amri inayokaa ndani ya kanzidata na kujiendesha yenyewe kila rekodi inapoingia. Msanidi anayesoma msimbo wa programu atauona ukituma 1,250.25 na atalala usingizi. Kanzidata itapokea, itatabasamu, na kuhifadhi 1,251. Ipe triga yako jina lisiloita macho, mfano trg_safisha_data_2. Ile 2 ni muhimu: kila mtu atadhani ya kwanza iko mahali fulani na ndiyo yenye maelezo.

Tahadhari kutoka kwa waliotangulia

Usikosee upande. Januari 1982 soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo chake cha bei kikianzia 1,000. Kila kilipokokotolewa upya, na ilikuwa maelfu ya mara kwa siku, kompyuta ilikata tarakimu zote zilizozidi desimali ya tatu badala ya kukadiria. Kilichopotea kila mara ni chini ya moja ya elfu. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisoma takriban 524, na mtu angeapa kwamba soko limefilisika. Kilipokokotolewa kwa usahihi kilikuwa zaidi ya 1,098. Soko lilikuwa limepanda. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikishuka ngazi. Wao walishusha, wakaumbuka. Wangepandisha, pengine wangepewa tuzo.

Usinunue gari. Katika filamu ya Superman III ya mwaka 1983, fundi wa kompyuta Gus Gorman anakusanya vipande vya senti kutoka kwenye mishahara ya kampuni nzima, na hesabu yake haina dosari. Kinachomponza ni kuja kazini na Ferrari. Senti za watu zinataka mtu wa kupanda basi la mwendokasi.

Maswali utakayoulizwa

"Mbona jumla ya mistari hailingani na jumla ya chini?" Jibu: ni mfumo.

"Nani aliamua kupandisha?" Jibu: mfumo ndivyo ulivyo.

"Unaweza kunirudishia?" Jibu: mfumo unakataa.

Neno hili lina neema kubwa. Mfumo hauna dawati, hauna namba ya simu na hauna mama wa kumfundisha adabu. Mtu anayesikia "ni mimi niliyekutoza" hukasirika; anayesikia "ni mfumo" huinamisha kichwa na kuuliza utarudi lini.

Mambo yatakayokuharibia kazi

Mwongozo usiotaja hatari si mwongozo. Wapo watu, mara nyingi wanawake wa makamo kutoka ukaguzi wa ndani, wanaoweza kukuvunjia kila kitu kwa mambo machache.

La kwanza ni kuhamisha kolamu za fedha kwenda DECIMAL, au kuhifadhi kila kiasi kama namba nzima ya senti, au ya baisa kwa wenye baisa. Vile vichembe vya Hatua ya 1 hufa papo hapo.

La pili ni kutunza kiasi kamili na kukadiria mara moja tu, pale mtu anapotoa au kupokea pesa. Ile bidhaa ya 1,000 hubaki 1,000.

La tatu ni kuigawa ile shilingi iliyobaki mezani: 3,334, 3,333 na 3,333. Jumla ni 10,000, na mnaweza kupokezana nani apate ile moja safari hii.

La nne ni kujaribu mfumo kwa namba zinazoaibisha: mauzo pamoja na marejesho yake lazima yatoe sifuri, na riba ya mkopo wa 1,000 lazima ifanane na ya mkopo wa milioni.

La tano ndilo baya kuliko yote: kuandika kanuni. Ulaya walifanya hivyo kabla ya euro kuanza Januari 1999. Sheria yao ya 1997 iliamuru kwamba viwango vya kubadilisha viwe na tarakimu sita zenye maana, kwa mfano faranga za Ufaransa 6.55957 au lira 1,936.27 kwa euro moja. Kwamba viwango hivyo visikadiriwe wala kukatwa. Na kwamba kiasi cha kulipa kikadiriwe hadi senti iliyo karibu, nusu ikipanda. Waliiandika hadi nusu! Fikiria mafundi wa bara zima, kila mmoja akijua ile nusu inakwenda wapi kabla hajaigusa.

Tatizo la kanuni iliyoandikwa ni kwamba mteja anaweza kuisoma. Mwambie kwenye mkataba kwamba kila malipo yatapandishwa hadi shilingi 50, na kile kipande kinaacha kuwa kipande. Kinakuwa sehemu ya bei, na bei watu huijadili, huilinganisha na ya duka la jirani, na wakati mwingine huikataa. Ufundi wetu wote unategemea mtu kulipa kitu ambacho hakuulizwa.

Na la mwisho, jiepushe na akaunti ya tofauti ya makadirio. Hii ni akaunti ya kawaida kabisa kwenye vitabu, ambako kila kilichopandishwa au kushushwa huandikwa kwa tarehe na muamala wake. Mwisho wa mwezi mtu anaifungua na kusoma jumla. Ikicheza karibu na sifuri, sawa. Ikiwa na milioni 24 na nusu, ataanza kuuliza ni za nani, na kwa kuwa kila muamala una jina la mtu, jibu litakuwepo.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili wa kazi, omba kwanza uone jedwali la miamala. Ukikuta kolamu mbili, moja ya kiasi halisi na nyingine ya kiasi kilichotozwa, na tofauti yake inafungwa kila mwezi mbele ya mkaguzi, shukuru kwa chai, chukua vyeti vyako na uage. Hapo hupati kitu, wanajua kuhesabu.